Picha kali unazo, lakini jina lako liko wapi?

Jumapili alasiri katikati ya jiji la Nairobi huwa ya wapigapicha. Kuanzia Kenyatta Avenue hadi pale KICC utawakuta vijana na kamera zao shingoni, mmoja kapiga goti juu ya lami, mwingine kajilaza kabisa kwenye kabro bila kujali suruali yake. Mbele yao yuko msichana aliyevaa koti refu la Gikomba, viatu vya Toi, na miwani ya jua ilhali jua lenyewe lilishajificha nyuma ya majengo. Picha zikiisha zinatumwa papo hapo, pesa inaingia kwa simu, kila mtu anaenda zake. Jioni ikifika ziko Instagram na TikTok. Na ni kali, hatukatai. Zingine zinashinda kwa mbali zile unazoziona kwenye mabango ya Thika Road.

Sasa fanya jaribio hili dogo. Chukua picha yoyote ya fasheni iliyokusisimua mwezi huu, halafu utwambie aliyeipiga ni nani. Jina la mwanamitindo utalijua. La duka lililouza nguo utalijua pia, maana limewekwa hapo chini pamoja na nambari ya kulipia. La mpigapicha je? Mara nyingi hakuna. Na ukimuuliza mwenyewe, atakwambia alilipwa bei ya smokie mbili tatu, au hakulipwa kabisa, aliahidiwa tu kwamba "utajulikana".

Tunaliandika hili kwa sababu kuna Mkenya ambaye hatuwezi kusema hajulikani, na njia aliyopitia inafaa kuangaliwa kwa makini na kila msee mwenye kamera na ndoto. Anaitwa Thandiwe Muriu.

Kama jina hilo ni geni kwako, huenda picha zake si geni. Mwanamke mweusi, ngozi inang'aa, amesimama mbele ya pazia la kitenge. Nguo aliyovaa imeshonwa kwa kitenge hichohicho. Maua au mistari ya nguo inaungana na ya pazia hadi mwili wote unamezwa, na kinachobaki ni uso, shingo, mikono, na nywele zilizosukwa zikapanda juu kama mnara. Machoni kuna miwani ya ajabu. Ukiisogelea unagundua haikutoka duka la miwani hata kidogo: imeundwa kwa vitu vya jikoni na vya saluni, vile vidude vya bei nafuu ambavyo mama yako anavyo kwenye droo. Mradi wenyewe unaitwa Camo, kwa maana ya kujificha kama mwanajeshi anavyojificha porini kwa sare yake. Aliuanza mwaka 2015, na mwaka 2024 ukatoka kitabu chenye jina hilohilo.

Muriu alizaliwa Nairobi mwaka 1990 na kukulia hapahapa. Alishika kamera akiwa na miaka 14, na kufikia 17 alikuwa ameanza kulipwa kwa kazi hiyo. Hakusomea upigaji picha chuoni. Alijifunza kwa vitabu, kwa intaneti na kwa kurudia, kurudia, kurudia. Akiwa na miaka 23 alipiga kampeni yake ya kwanza ya matangazo akiwa ndiye mpigapicha mkuu, katika biashara ambayo hapa kwetu wanawake waliokuwa wakiifanya wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapo kwenye matangazo ndipo wengi wenu mnaparuka haraka mkitafuta sehemu ya Paris, nasi tunawaomba mkae kidogo. Kazi ya matangazo haina utukufu. Unapiga chupa ya soda hadi tone la maji likae pale mteja anapotaka. Unapiga familia inayotabasamu juu ya sufuria ya mafuta ya kupikia mara mia mbili. Kuna mteja, kuna kampuni ya matangazo, kuna msanifu, na kila mmoja ana neno lake. Lakini ni humo ndani mtu anapojifunza taa: ipi inaua kivuli, ipi inakipa kivuli kazi, na namna gani ngozi nyeusi sana inavyopaswa kumulikwa ili isigeuke kijivu wala isipauke kama wale mabibi harusi wetu wa Facebook. Ukiziangalia picha za Camo kwa jicho la fundi, utaona ni mtangazaji wa bidhaa aliyezipiga. Kila kitu kiko wazi, rangi zimeshiba, hakuna uchafu pembeni. Tofauti ni kwamba safari hii hauzi chochote cha mtu.

Na alianza mradi huo kwa sababu hiyohiyo. Mpigapicha wa biashara anaweza kufanya kazi mwaka mzima, akawa na pesa, akawa na studio, lakini akiulizwa "wewe mwenyewe unasema nini?" akabaki anakuna kichwa. Muriu aligeukia mambo yaliyokuwa yakimuuma tangu utotoni: uzuri wa mwanamke mweusi, nywele ambazo wengi tulifundishwa kuzionea haya, na ile hali ya mwanamke kutakiwa aonekane na wakati huohuo asionekane. Kitenge kikampa lugha. Unaweza kuzama ndani ya utamaduni wako hadi upotee, na unaweza kusimama ndani yake ukaonekana zaidi. Picha zake zinashika yote mawili, na ndiyo maana mtu wa Umoja na mtu wa Ufaransa wote wanasimama mbele yake.

Kuna wanaopiga kelele kwamba kitenge chenyewe si cha Kiafrika. Ni kweli kwamba asili yake ni batiki ya Java, ikaigwa na viwanda vya Uholanzi. Vlisco, kampuni iliyo maarufu zaidi, ilianza mwaka 1846 mjini Helmond, wala si Accra. Lakini sisi hatuoni kosa hapo. Chai nayo haikuota Murang'a tangu Adamu, na hebu mwambie shosho kwamba chai si yake uone. Kitu kinakuwa chako kwa unavyokitumia, na wanawake wa bara hili wamekitumia kitenge hadi kikasahau kilikotoka.

Jambo jingine ni kwamba kila picha ya Camo huambatana na methali ya Kiafrika. Watazamaji wa ng'ambo wanaona hilo ni jambo jipya kabisa. Mtu aliyelelewa Mombasa haoni upya wowote, maana ameliona kwenye leso ya bibi yake. Biashara Street kuna duka la Kaderdina, wale wa "Mali ya Abdulla", ambao wako kwenye biashara ya leso tangu 1887. Leso ina mji, ina pindo, na ina maandishi pale chini. Na maandishi yale, kwa Kiswahili cha pwani, yanaitwaje? Yanaitwa jina. Leso bila jina ni kitambaa tu. Mwanamke akiingia dukani haulizi rangi kwanza, anauliza, "Jina lake lasemaje?"

Tushike neno hilo, jina, twende nalo Bamako.

Mwaka 1948 fundi seremala mmoja kijana, Seydou Keïta, alifungua studio ya picha katika mji huo mkuu wa Mali. Watu walijipanga foleni kwake. Alikuwa na saa za mkononi, redio, suti za Kizungu, hata gari, ili mteja apigwe akiwa vile anavyotaka kuwa. Nyuma yao alitundika kitambaa chenye maua au mapambo. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake. Kwa kuwa alibadilisha mapazia kila baada ya miaka miwili mitatu, baadaye aliweza kuzitambua picha ni za mwaka gani kwa kulitazama pazia tu. Mwanamke aliyevaa gauni la maua alisimama mbele ya pazia la maua, na maua hayo yakaanza kuongea. Ukiziweka picha zile za rangi nyeusi na nyeupe kando ya zile za Muriu zenye rangi zinazopiga mayowe, utaona ni ukoo mmoja.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika mjini New York, Africa Explores. Picha za Keïta zilitundikwa humo. Watu wakazishangaa. Chini yake kibandiko kilisema kwamba mpigapicha hajulikani, wa Bamako. Hajulikani! Mtu ambaye nusu ya mji ule ilipitia mlangoni pake, ambaye alikuwa hai, yuko nyumbani kwake Bamako. Ikabidi tajiri mmoja mpenda sanaa, Jean Pigozzi, aliyeziona picha hizo, amtume André Magnin hadi Mali kumtafuta mwenyewe. Alimpata. Mwaka 1994 Keïta akawa na maonyesho yake mwenyewe Paris, na mwaka huohuo yakaanza maonyesho ya picha ya Bamako ambayo hadi leo ndiyo makubwa zaidi barani. Alifariki 2001. Baada ya hapo ikazuka vita ya wanasheria kuhusu ni nani hasa mwenye haki juu ya negativu zake.

Usidhani hayo ni mambo ya zama za wazee. Kibandiko cha "hajulikani" kinachapishwa kila siku kwenye simu yako. Tofauti ni kwamba siku hizi hatuna Pigozzi wa kutuma mtu na ndege aje akutafute Kayole.

Ndipo tunafika kwenye maonyesho ya pamoja, jambo ambalo vijana wengi wa kamera hawalipi uzito. Mtu akisikia maonyesho anawaza kwanza yake peke yake, jina kubwa ukutani, mvinyo, hotuba. Ukweli ni kwamba karibu kila mpigapicha unayemsikia alijulikana kwanza akiwa katikati ya kundi. Mwaka 2019 mwandishi na mkosoaji wa sanaa, Mmarekani Antwaun Sargent, alikusanya wapigapicha 15 vijana, weusi, wanaofanya kazi ya fasheni, akatoa kitabu na maonyesho vilivyoitwa The New Black Vanguard. Humo alikuwemo Tyler Mitchell wa Atlanta, yule ambaye mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 23 tu, alimpiga Beyoncé picha ya jalada la Vogue ya Marekani, akawa mpigapicha mweusi wa kwanza kupewa jalada la gazeti hilo katika zaidi ya karne moja ya uhai wake. Humo walikuwemo pia Stephen Tayo na Daniel Obasi wa Nigeria, na Jamal Nxedlana wa Afrika Kusini. Maonyesho hayo yalianza New York, yakapita Arles kule Ufaransa, yakafika London. Lagos ilikuwemo, Johannesburg ilikuwemo.

Nairobi haikuwemo. Hata jina moja.

Unaweza kumlaumu Sargent, na kuna siku tungekuunga mkono. Lakini jiulize swali la upande wa pili: mwaka ule, kama angekuja hapa wiki moja kutafuta, angeingia mlango gani aone kazi za wapigapicha kumi wa fasheni wa Nairobi zikiwa zimechapishwa, zimetundikwa, zina majina na miaka? Angeambiwa aangalie Instagram. Na Instagram ingemwonyesha kile ambacho Instagram inataka.

Maonyesho ya pamoja yana faida ambayo hata picha nzuri peke yake haiwezi kukupa. Picha yako ikitundikwa kando ya ya mwenzako inapimwa. Ile uliyodhani ni moto inaanza kuonekana imekopa taa ya mtu mwingine. Ile uliyoingiza kwa kusitasita inasimama imara. Halafu kuna gharama. Kuchapisha picha moja kubwa kwenye karatasi nzuri na kuiwekea fremu kunaweza kumeza kodi ya nyumba ya mwezi, hivyo mbogi ya watu sita ikigawana ukumbi, mialiko na usafiri, kitu kinawezekana. Na anayekuja kumwona rafiki yake ukutani anakuona na wewe.

Kuna mfano mwingine wa hapahapa. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayeishi na kufanya kazi Kenya, aliacha kazi ya ofisini akaingia kwenye kamera. Mwaka 2016 mradi wake Stranger in Familiar Land, uliopigwa Kibera ukimhusu mwanamke mwenye ualbino, ulishinda tuzo ya Discovery kule Arles. Ni picha zilizovalishwa na kupangwa kama za jarida la mitindo, lakini zinakuuliza maswali kuhusu namna tunavyowatazama watu. Angeweza kutulia na tuzo yake. Badala yake akaanzisha African Women in Photography, jukwaa la kuwaonyesha wapigapicha wanawake wa bara hili kwa pamoja. Osborne Macharia naye, aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kamera kumteka, alijenga hadithi nzima za kubuni kwa mavazi: mashosho na maguka waliovalishwa wakatoka wamewiva kuliko vijana wa Westlands. Mwaka 2018 alipiga mradi uliohusishwa na filamu ya Black Panther. Ukisoma majina yanayoambatana na picha zake utawakuta pia waliovalisha, waliopaka rangi usoni, waliosuka nywele. Fasheni haipigwi na mtu mmoja. Anayekudanganya hivyo hajawahi kubeba taa.

Na makumbusho nayo yameanza kuelewa. Julai 2022 jumba la V&A la London lilifungua maonyesho ya Africa Fashion, vitu zaidi ya 250 na wabunifu 45 kutoka nchi zaidi ya 20, na kando ya nguo zikatundikwa picha za studio za akina Sanlé Sory wa Burkina Faso na James Barnor wa Ghana. Hawa walikuwa wapigapicha wa mtaa. Wateja wao walikuwa mafundi, makarani, wachumba wanaotaka kumbukumbu. Picha ya kawaida ya Jumapili, miaka hamsini baadaye, ndiyo iliyoeleza watu walivaaje walipopata uhuru.

Sisi tulikuwa nao pia. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh na studio yake, ambapo Waswahili, Wahindi na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi walipigwa wakiwa wamevalia kilicho bora walichonacho. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata sura za wateja na kuzipandikiza katikati ya maua miongo mingi kabla ya programu ya kuhariri picha kuingia kwenye simu yako. Likoni, pale ferini, kulikuwa na vibanda vya picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kijana kutoka Kakamega aliyefika baharini wiki hiyo alipigwa kama nahodha, picha ikatumwa nyumbani. Vipaji tunavyo tangu zamani. Kinachotuponza ni kutohifadhi na kutoandika.

Sasa tuingie kwenye lile ambalo huenda likakuudhi, lakini bora lituudhi sote leo. Sheria.

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Wapigapicha wengi wanaamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye picha, kwisha. Si hivyo ukiwa umeajiriwa au umepewa kazi na mteja. Kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama nyinyi wawili mmekubaliana vinginevyo. Soma tena sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba yule dada wa boutique aliyekuita Jumamosi upige nguo zake, mkapatana kwa sauti ya WhatsApp, mkamaliza, ana nguvu kuliko wewe kisheria juu ya picha zile. Akiziuza kwa kampuni ya simu ziwekwe kwenye bango, utapita chini ya bango hilo kwenye matatu ukijipa pole.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango. Neno "isipokuwa mmekubaliana" ndilo mlango wenyewe. Karatasi moja, hata barua pepe yenye mistari mitano, inatosha kuanza: picha ni ngapi, zitatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba hakimiliki inabaki kwako. Kifungu cha 32 nacho kinakupa haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi hata baada ya kuuza hakimiliki. Jina lako halijauzwa pamoja na picha. Kwa hivyo unapoomba utajwe, huombi hisani, na wala usiombe kwa ile sauti ya kujikunyata: "samahani, kama hutajali, tafadhali niweke jina." Na mteja akikudai faili ghafi zote kabla hujazigusa, jua anakuomba negativu. Ana bei yake hiyo.

Wapo watakaosema, nikidai mkataba mteja atamwendea mwingine asiyedai. Ndiyo, atakwenda. Tusidanganyane. Ukiwa pesa nane na kodi inakaribia, karatasi ni kitu kigumu kumwekea mtu mbele. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kubebwa na mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana tunaendelea kusema kundi, kundi, kundi. Wapigapicha ishirini wa jiji wakiwa na karatasi moja inayofanana, mteja atazoea kama alivyozoea kulipa amana ya ukumbi.

Upande wa pili wa shilingi ni yule unayempiga. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data alikipiga kilabu kimoja cha burudani Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha bila idhini yake. Wewe unayepiga picha za maisha ya usiku, za tamasha, za watu waliopendeza barabarani, sheria hiyo inakuhusu. Dada uliyemnasa akivuka Moi Avenue na leso yake kichwani ana haki ya kukuuliza picha inaenda wapi. Muulize kabla hajakuuliza. Mara nyingi atakubali, na akikubali atasimama vizuri zaidi.

Tukirudi kwa Muriu, kuna watakaoshangaa kwamba tumemsifu kisha tukaingia kwenye vifungu vya sheria. Lakini mtazame tena. Kazi ya matangazo ilimpa taa na pesa. Camo ilikuwa yake mwenyewe, haikuagizwa na mtu. Ndiyo maana ana mamlaka nayo, ndiyo maana nyumba ya sanaa ya Paris inayomwakilisha, 193 Gallery, ina cha kuwakilisha, na ndiyo maana kitabu kilitoka na jina lake kwenye jalada. Hukuhitaji kuwa na taa zake ili kufanya kitu cha aina hiyo. Unahitaji wazo ambalo hakuna mteja aliyekupa, na subira ya kulirudia miaka kumi. Hapo kwenye miaka kumi ndipo wengi wetu tunashuka matatu mapema. Tunapiga mtindo wa wiki hii, wiki ijayo rangi ya machungwa na samawati, wiki nyingine kila mtu amemwagiwa moshi. Mwisho wa mwaka una picha elfu nne na huna mradi hata mmoja.

Kama unasoma haya ukiwa Nairobi, kuna kuta unazoweza kwenda kuziona bila kuvunja benki: Alliance Française pale Loita Street, Goethe-Institut jengo la Maendeleo, Kuona kule Kilimani, na Nairobi Contemporary Art Institute iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Nenda na wenzako. Usitazame picha pekee, tazama zimetundikwa kwa urefu gani, zimeachana kiasi gani, kibandiko kinasema nini. Halafu mrudi mkae, hata ni kwa kibanda cha chai, kila mmoja atoe picha tatu zilizochapishwa. Si kwenye simu. Karatasini. Simu huificha picha mbaya.

Mkishakubaliana ni zipi zinaingia ukutani, kazi ya mwisho ndiyo ile inayorukwa: vibandiko. Jina lako kamili, si lile la mtandaoni lenye nambari mbele. Jina la picha. Mwaka. Mahali ilipopigwa, hata kama ni nyuma ya stendi ya matatu ya Githurai. Halafu aliyevaa kama ameridhia kutajwa, aliyesuka nywele, aliyeshona nguo. Fundi wa cherehani atakuuliza jina lake linafanya nini hapo. Mwambie aje siku ya ufunguzi, na amlete mkewe.